Nzi wa Mabawa Mazima

Kifungapete kilikuwa mashine yenye ukubwa wa jokofu, na kazi yake moja tu: kuongeza pete. Pete hizo ni protini zinazozishika kromosomu zisiachane, na hapo hapo husaidia kuamua jeni ipi iamke na ipi inyamaze. Zikipungua kidogo tu, nzi wa matunda hutoka na mabawa yaliyomegeka ukingoni. Binadamu huzaliwa na vidole pungufu, na matatizo mengine chungu nzima.

Asubuhi hiyo, katika maabara moja ya Morogoro, mashine ya kuhesabia ilikuwa imeshahesabu nzi elfu tisa waliotibiwa wakiwa mayai. Mabawa yote mazima! Dk. Namkunda, aliyekibuni kifungapete, alikuwa na haki ya kuringa, na aliringa kweli. Miezi minne nyuma alikuwa ameitibu mimba changa ya mdogo wake, Eliaichi, baada ya vipimo kuonyesha kuwa mtoto ana pete pungufu.

"Daktari, gesi ya kuwalaza imekwisha," alisema Kisamo, fundi wake.

Nzi huhesabiwa wakiwa wamelala, maana aliye macho ataruka. Namkunda akageuka kujibu, akaona chupa ya nzi iko wazi.

"Kisamo! Kizibo kiko wapi?"

"Nisamehe, nimesahau."

Lakini hakuna nzi aliyetoka. Walikuwa macho, miguu ikitikisika. Kisamo akaigonga chupa. Namkunda akaweka kipande cha ndizi iliyoiva mdomoni mwa chupa. Hakuna aliyesogea.

"Miaka sita," Namkunda alisema, "tumekuwa tukiwatazama wamelala." Aliona aibu, kisha hofu ikamshika. "Pete zikizidi, zinanyamazisha jeni nyingine, hata zile za mwendo. Tunaweza kuzipunguza?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Daktari. Jeni hupangwa mwili unapojengwa. Ukishajengwa, basi."

Simu ikaita. Eliaichi alikuwa ametoka kliniki, akicheka.

"Dada, vidole vyote kumi! Nimeviona mwenyewe kwenye picha. Mungu akubariki."

Namkunda akaitazama ile chupa iliyo wazi.

"Na ana adabu huyu!" Eliaichi aliendelea. "Wenzangu foleni nzima wanalalamika kupigwa mateke usiku kucha. Wangu katulia tu, hata kunigusa hajanigusa. Ni kawaida, eti dada?"

Kisamo alikuwa anamtazama. Namkunda akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Nenda nyumbani ukapumzike, mdogo wangu," akasema. "Nakuja."