Sindano Iliyokataa Kushuka

Kitu cha kwanza binti alichokiona kilikuwa kidogo: kiraba cheusi cha duara, kimebaki juu ya meza ya kazi, kando ya kikombe cha chai cha baba yake.

Ilikuwa asubuhi tulivu, ndugu zangu. Gereji ilishikana na nyumba, mlango mmoja tu katikati, hata harufu ya sabuni ya mama na harufu ya oili zilikuwa zimezoeana. Fundi, baba mwenye nyumba, alikuwa akisafisha plagi kwa brashi huku anapiga mluzi. Binti yake, aliyeishia darasa la sita, alikuwa akipanga spana kwa ukubwa. Alikuwa na haya kupita kiasi, mtu wa kujibu kwa kichwa, ndiyo maana kaka yake akambandika jina la Kimya.

Kaka mwenyewe aliitwa Kishindo, na jina lilimkaa. Gari la familia lilikuwa na tabo, yaani ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na yeye alitaka lipae. Siku hiyo alikuwa anafunga geji, yaani kipimo, ya presha ya tabo, ili ajue aiongeze mpaka wapi.

Alikata mpira wa hewa wa injini, akaweka kiungo cha njia tatu, akaunga mpira mwembamba wa geji. Huo akaupitisha kwenye tundu alilotoboa katika bati linalotenga injini na dereva. Sasa, bati likitobolewa hubaki na makali kama wembe. Kile kiraba ndicho huvalishwa tundu, mpira usibanwe wala kukatwa.

"Kaka," binti akasema polepole, "hicho kiraba..."

"Heee! Kimya kaongea, leo mvua itanyesha!" Kishindo akacheka. "Haya sema, bibi fundi."

Baba naye akacheka. "Mwache mwenzio afanye kazi, mwanangu. Mambo ya tabo hayo."

Binti akaokota kitambaa, akaanza kufuta spana.

Kishindo akawasha gari. Hapa, msomaji, simama nami kidogo. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huvuta hewa, na sindano ya geji hushuka chini ya sifuri. Binti alifundishwa hilo na baba yake. Lakini sindano ya siku ile ilisimama kwenye sifuri, imeganda. Fundi hakuisogelea; alimwamini kijana wake. Binti peke yake ndiye aliyeiona. Akainama, akaendelea kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Baba na mwana wakatoka kulijaribu gari.

"Inasoma ngapi?" Fundi aliuliza barabarani.

"Haifiki hata nusu, baba. Tabo imelala!"

"Basi ongeza. Kidogo, lakini."

Kishindo akasimama, akakaza skrubu ya presha. Sindano ikapanda kiduchu. Akakaza tena, na tena. Kumbe presha ilikwishapita kiasi zamani. Mpira ulikuwa umebanwa na kukatwa na bati, na geji ilikuwa inadanganya. Walipopanda kilima, injini ikapasuka. Mlio wa mlipuko ulifika hadi nyumbani, mama alikokuwa anaanika nguo, akaangusha beseni. Oili ilimwagika kwenye bomba la moshi lenye joto kali, ikawaka. Kijana alitoka bila mkwaruzo. Fundi, kwa uchungu wa gari lake, alikimbilia kufungua boneti. Moto ukamla mkono wa kulia.

Mkono ulipona, lakini vidole havikukunjika tena. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Kishindo akawa wa kukaa getini, akimwambia kila apitaye, "Geji ilikuwa mbovu ile." Hakushika spana tena.

Asubuhi moja baba akasema, "Mama watoto, gereji naifunga."

Binti alikuwa anaosha vyombo. Akajifuta mikono, akaenda kuchukua ovaroli ya baba, akaivaa na kuikunja miguuni mara tatu.

"Haifungwi," alisema. "Wewe kaa kwenye kiti unielekeze. Mikono ninayo mimi."

Mama akageuka kutazama aliyesema ni nani.

Alijifunza kwa kukosea, akachubuka, akaogeshwa na oili. Hakuacha. Mwaka ulipozunguka, akaja dereva mmoja mwenye gari la tabo, anataka geji. Binti alitoboa bati, akavalisha kiraba kabla ya kitu kingine chochote, akapitisha mpira, akaunga. Gari likawashwa. Sindano ikaganda kwenye sifuri.

"Imetosha dada, nina haraka," dereva akasema.

"Zima gari, kaka."

"Si geji tu jamani? Nitaiangalia mbele ya safari."

Alisimama mbele ya gari. "Sindano haijashuka. Gari halitoki hapa."

Dereva akamgeukia mzee kitini. Mzee akasema, "Umemsikia fundi."

Kwenye kile kiungo cha njia tatu, kibanio kimoja kilikuwa hakijakaza na mpira umechomoka. Akaurudisha, akakaza. Gari likawashwa tena, na sindano ikashuka chini ya sifuri, ikawa inatikisika taratibu.

Funzo

Wazazi, msimcheke mtoto mpole anapofungua kinywa. Huenda ameona msichokiona. Vijana, msiongeze nguvu ya kitu ambacho kipimo chake mnakitilia shaka, na msikimbilie kulaumu chombo mlichokifunga vibaya wenyewe. Nawe unayeona hatari, sema, hata kama sauti inatetemeka. Kuchekwa hupita. Mkono wa baba haukurudi.

Watu wote wa nyumba ile walijua habari ya kiraba, maana kilikutwa bado mezani. Habari ya sindano hakuna aliyeijua, kwa sababu binti hakumwambia mtu. Alilibeba neno hilo mwaka mzima, hadi jioni ile dereva alipoondoka, alipokuwa anamfungia baba yake vifungo vya shati.

"Baba, siku ile niliiona sindano kabla hamjatoka. Niliiona, nikanyamaza."