Mfuko Mmoja, Nguo Mbili

Asubuhi ile Mama Glavu alifungua makumbusho kama kawaida. Jina hilo alibandikwa na wenzake. Walimtania kwamba hata chai angeinywa na glavu mkononi. Nyumba hiyo ya makumbusho ilikuwa ya mama mmoja wa enzi za vita, na kila kitu kilikaa alivyokiacha: kitanda cha mwanawe kimetandikwa, na koti la jeshi la mwanawe huyo likining'inia nyuma ya mlango. Koti lililetwa kutoka vitani. Mwenyewe hakurudi.

Nguo kuukuu huliwa na nondo, kwa hiyo hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kulazwa kwenye friza mpaka wadudu wafe. Sharti ni moja tu: nguo za watu wawili zisilale mfuko mmoja. Mama Glavu ndiye aliyewafundisha wenzake sharti hilo. Lakini safari hii mfuko ulikuwa umebaki mmoja, na chini ya koti akakunja shati la mwanawe yeye mwenyewe.

Kijana wake huyo aligongwa na lori. Tangu wamzike, mama yake hakutoa chozi. Moyo ulimfa ganzi, akawa anakula bila kuonja. Alikuwa amebakiwa na alama ya kichwa kwenye mto wa mwanawe, na harufu yake kwenye shati. Nondo walishaanza kulitafuna.

Siku ya kuzitoa, shati lilikuwa gumu kwa baridi. Koti lilikuwa na joto.

Mlinzi wa makumbusho aliligusa, akaurudisha mkono haraka. "Mbona kama limevuliwa sasa hivi?" alinong'ona.

"Tulitundike," alisema Mama Glavu.

Alipobaki peke yake alinusa shati. Baruti. Tope. Jasho la mtu asiyemjua. Kisha akanusa kola ya koti. Yalikuwa mafuta ya nywele ya mwanawe.

Kesho yake, nyumbani kwake, alifungua chumba cha marehemu. Kitanda ambacho hakikuguswa tangu msiba kilikuwa kimetandikwa. Shuka limekazwa kijeshi. Mto umekung'utwa. Ile alama haikuwepo tena. Alitaka kulia, akashindwa.

Simu ikaita. Alikuwa mlinzi.

"Mama, nani kalala huku?"

"Wapi?"

"Kitanda cha yule askari. Shuka liko chini. Mto una alama ya kichwa."

Mwanawe hakuwahi kutandika kitanda maishani mwake. Mama yake alimgombeza mpaka akachoka.

"Usikiguse," alisema. "Kiache hivyo hivyo."

Akakata simu. Nyuma yake, buti zikatua sakafuni.

"Mama."

Sauti nzito. Ya adabu. Haikuwa ya mwanawe.

Hakugeuka. Alimfikiria yule mama wa zamani, mwenye nyumba ya makumbusho, aliyengoja mpaka akafa, na ambaye sasa ana mtoto wa mwenzake nyumbani. Amwitikie mwanangu, aliomba kimoyomoyo. Asimwache akiita tu.

"Naam, mwanangu," akaitika.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbili za buti, tope bichi, zikimwelekea yeye, visigino vimegusana kama vya askari aliyesimama mguu sawa.