Sahihi Bila Kupima

Soko la Suva, huko Fiji, siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa na vikapu vya magimbi, na mvua ikikatika jasho linaipokea kazi. Katika msukumano huo Vasemaca, gauni la maua mekundu na nywele kazichana zikasimama, alimwona kijana mrefu amekumbatia chupa mbili za jiki. Shati lake jeupe lilijaa madoa ya kahawia kifuani.

"Kaka, usithubutu," alimwambia. "Hiyo ni kutu ya dawa. Ukitia jiki, doa linahamia kabisa. Kamulia limau, uanike juani."

"Umejuaje ni dawa?"

"Nafanya kazi kiwanda cha maji. Madoa hayo nayajua kuliko majirani zangu."

"Na mimi lafudhi hiyo ya kisiwa cha Kadavu naijua," kijana akacheka. "Watani zangu! Kumbe siku hizi mnavaa viatu?"

Watu wa kwao Vasemaca na wa kwao kijana ni watani tangu mababu, kwa hiyo hakukasirika. Alimnyang'anya chupa moja, akairudisha mezani. "Na nyinyi kumbe siku hizi mnafua?"

Kijana aliitwa Ilaitia, dereva mpya wa lori la tangi linaloleta kiwandani kloridi ya chuma, yale maji ya kahawia yanayokusanya matope ya mto yakazama. Ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe weka simu chini, uendeshe."

Miezi mitano ikapita wamenogewa, na kiwanda kizima kinajua.

Lakini kazi ni kazi. Lori likifika, mpimaji lazima achote dawa kidogo aipime, akague bomba limeingia mdomo upi, ndipo atie sahihi. Maana kando ya tangi la kloridi ya chuma lipo jingine, la hipokloriti ya sodiamu, jiki kali ya kuulia vijidudu. Kila dawa peke yake inatufaa. Zikichanganyika hutoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua bila mswalie Mtume.

Vasemaca alipima kila mara, mbele ya wanaume, nao wakamcheka Ilaitia: mchumba wako anakukagua kama mwizi! Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Vase, mimi unaniona mwongo?"

"Napima dawa, sikupimi wewe."

"Watu wanacheka."

"Waache wacheke."

"Basi cheka nao."

Akawasha lori, akaenda zake. Wiki mbili simu haikulia. Vasemaca alilala na simu mkononi kama mjinga, nami nasema hivyo kwa sababu nampenda.

Jumanne lori liliporudi, Vasemaca alikimbia nje kulipokea. Ilaitia alishuka kanuna, akanyoosha karatasi bila kumtazama usoni. Basi Vasemaca, kwa hofu ya kumpoteza, akatia sahihi pale pale aliposimama. Hakuchota kitu. Hakulisogelea bomba.

Ilaitia akamtazama, akatabasamu kidogo. "Asante, mpenzi."

Neno moja tu, na uchungu wote ukasahaulika. Alirudi maabara mwepesi, akafungua dirisha, na hapo ndipo akaliona bomba. Lilikuwa limeingia mdomo wa kushoto, wa sodiamu. Mafundi wa asubuhi walikuwa wamefungua kufuli lake, wakasahau kulirudisha.

Alinyakua barakoa ya gesi, ikamponyoka mara mbili. Alipofika nje, ukungu wa njano-kijani ulikuwa umeshatambaa chini ya lori. Ilaitia alikuwa amewahi kuifunga koki. Kisha, kama tufanyavyo sote kwenye moshi, akapiga magoti na kuanza kutambaa.

"Simama! Ilaitia, usiiname! Inakaa chini hiyo, simama!"

Hakusikia, alikuwa anakohoa. Vasemaca alimshika kwapani akamburuta hadi kwenye mwinuko wa karibu, upande unakotoka upepo. Midomo ya Ilaitia ilikuwa rangi ya majivu.

"Usife," alimwambia. "Nasema usife."

Alasiri mkuu wa zamu, Bwana Dharmend, aliiweka ile karatasi mezani. Hakuwa mtu mbaya.

"Binti, sahihi ni yako. Sema ulipima, dereva akahamisha bomba baadaye. Yule si mtu wetu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ilaitia angepoteza leseni, Vasemaca angebaki na kazi aliyoisomea miaka minne. Aliisukuma karatasi upande wa Bwana Dharmend.

"Sikupima," akasema. "Andika hivyo."

Akasimamishwa kazi saa ile ile. Hospitali alimkuta Ilaitia macho mekundu, kafungwa mpira wa hewa puani. Alipomwona tu, akauvua.

"Nimewaambia wakubwa wa kiwanda ni mimi niliyekununia mpaka ukaogopa kunipima."

"Rudisha hicho kitu puani."

"Vase, mjomba ana jino la nyangumi sandukuni. Wazee watalileta kwa baba yako kukuposa. Unasemaje?"

"Sina kazi, Ilaitia."

"Na mimi sina mapafu. Tumelingana."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kirefu, hadi Vasemaca akamwita muuguzi kwa kelele. Muuguzi alimrudishia hewa, akamvuta Vasemaca pembeni. Gesi hii, alisema, huweza kujaza mapafu maji baada ya saa nyingi. Hadi kesho ndipo watajua.

Ilaitia alikuwa anamtazama, akingoja jibu.

"Nitakujibu kesho asubuhi," Vasemaca akamwambia, machozi yakimtoka waziwazi. "Kwa hiyo lazima uwepo. Umesikia? Uwepo."

Ilaitia akainua kidole gumba. Vasemaca akavuta kiti karibu, akaweka mkono juu ya kifua chake.