Mswaki Uliolowa

Mswaki wa Kidoti ulikuwa umelowa, na Kidoti mwenyewe bado alikuwa amelala fofofo.

Mama yake aliushika, akaugeuza. Juzi tu ulikuwa mpya, lakini nywele zake zilikuwa zimelala huku na huku kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Akamwangalia mumewe, aliyekuwa akifunga kamba za viatu.

"Baba Kidoti, umetumia mswaki wa mtoto?"

"Mimi na meno yangu haya? Huo ungenitosha jino moja tu."

Akacheka, akaenda zake kazini. Mama akausuuza, akaurudisha kikombeni. Sare za shule zilimngoja kwenye cherehani. Hakuwa na nafasi ya kuwazia miswaki.

Lakini kila asubuhi ukawa umelowa. Chumba cha mtoto kikaanza kunuka, harufu ya jino lililooza likatobolewa. Kidoti akawa anatema damu akipiga mswaki. Kisha ukaja msago wa meno, krr, krr, mtoto akiwa usingizini. Hapo mama akaacha kushona, akampeleka kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mchangamfu. Akamlaza Kidoti kwenye kiti, akammulika kinywani.

"Anasaga meno, mama. Watoto wengi wanasaga. Fizi nazo zimevimba, basi apige mswaki taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, na peremende apunguze. Nitamtengenezea kinga ya kuvaa akilala."

"Sipunguzi peremende," Kidoti akasema.

"Utapunguza," mama akajibu.

Daktari akakoroga uji mzito wa rangi ya waridi, akautia kwenye kibao, akamwambia mtoto aung'ate. Ulipoganda akautoa, akamimina plasta nyeupe ndani yake ili apate sanamu ya meno. Plasta ikakauka. Akaibandua, akaisogeza kwenye taa.

"Mapengo yake yako wapi?" mama akauliza.

Kidoti hakuwa na meno mawili ya mbele. Sanamu ilikuwa nayo. Ilikuwa na meno yote ya mtu mzima, hadi magego ya mwisho kabisa. Daktari akarudia kazi tangu mwanzo. Yakatoka meno yale yale, marefu zaidi.

Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Mama, mimi natibu meno," alisema kwa sauti ya chini. "Haya si ya mgonjwa wangu."

Wifi yake mama akamleta mganga nyumbani, mchana kweupe. Kidoti alikuwa sebuleni akichora. Mganga akasimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, wala hakuingia, kwa sababu kwenye kitanda kile kitupu, kilichotandikwa vizuri na mto ukiwa mahali pake, msago ulikuwa ukiendelea, krr, krr, bila haraka, kama mtu anayesubiri chakula na anajua kwamba kitaletwa.

"Hafukuziki huyu," mganga alinong'ona, naye kiganja mdomoni. "Anahama tu, akikaribishwa kwenye kinywa kingine."

"Asipohama?"

"Atamaliza meno ya mtoto. Kisha aichukue sauti yake."

Mganga alipoondoka, mama akaketi kwenye kitanda kile. Alikuwa amechoka. Alisema vilevile anavyosema kila siku wakati wa kugawa chakula, kwamba wengine wale, yeye atakula kitakachobaki.

"Mwache mtoto. Kinywa changu hiki hapa."

Msago ukakoma. Harufu ikanyanyuka kutoka kwenye mto, ikamjia polepole, ya uvuguvugu, ikapita shingoni, ikafika kidevuni, naye akataka kufunga mdomo lakini mdomo haukutaka kufungwa.

Asubuhi mswaki wa Kidoti ulikuwa mkavu. Mtoto alipiga mswaki, akatema povu jeupe tupu, akaimba hadi mlangoni akienda shule. Mama akamsikiliza mpaka sauti ikapotelea mtaani.

Kisha akachukua mswaki wake mwenyewe. Ulikuwa umelowa.

Akaurudisha kikombeni, akaenda kushona, maana sare hazijishoni. Hakuwasha redio. Mumewe, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni, akaita kutoka chumbani.

"Mama Kidoti, unatafuna nini mapema yote hii?"

Alitaka kumjibu kwamba hatafuni kitu. Mdomo wake ukamtangulia, kwa sauti asiyoijua.

"Bado sijaanza."