Kodiani Isiyolemea Bega

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipotoka nyumbani kwenda kwa fundi Bemanana kutafuta kodiani nyepesi. Safari ya kawaida kabisa. Sisi wapiga kodiani wa Marovoay tulikuwa na mazoea ya kukutana uani kwake jioni, kila mmoja na maradhi yake: huyu kiuno, yule bega, mwingine ngiri. Kodiani unaivaa kifuani tangu ujana, na mwisho wa yote mgongo ndio unaolipa. Basi maongezi yetu yalikuwa hayo tu, nani kapiga wapi, nani kaona kodiani gani, na je, ina kilo ngapi.

Lakini jioni ile sikwenda kupiga soga. Binti yangu Soavelo alikuwa na pepo kichwani, na pepo yule alikuwa amekataa kushuka.

Pepo wetu wa tromba ni wafalme wa zamani, na hakuna wanachokipenda kama kodiani. Unawapigia, wanapanda. Unawapigia tena, wanashuka. Ijumaa nilimpigia mmoja mkali sana, asiyekubali mpigaji wake aketi, akampanda mwanangu ambaye hajawahi kupandwa. Nikaanza wimbo wa kumshusha. Katikati ya wimbo mgongo ukakaza, mkono ukafa ganzi. Mvukuto wa kodiani ukabaki wazi, ukatoa pumzi yake yote... na wimbo ukakatikia hapo.

Hakushuka.

Tangu siku hiyo mwanangu hali. Hanywi ila pombe kali ya miwa. Anaongea kwa sauti ya mzee, na kila akiniona ananiambia neno moja.

"Malizia."

Walikuja wenzangu kumpigia, akawatemea mate. Alitaka mkono ulioanza ndio umalizie. Nami nikiivaa kodiani yangu, siwezi kusimama nayo hata nusu ya wimbo. Asubuhi ile Soavelo alishindwa kuinua shingo. Mke wangu Kalovola alinitazama, na mimi nilielewa kwamba mtoto hatafika keshokutwa.

Uani kwa Bemanana walikuwepo Velonjara, mtani wangu wa siku zote, na Mama Zafitody, bibi aliyewahi kupiga harusi zote za bonde lile kabla magoti hayajamsaliti.

"Yangu nimemwambia fundi atoe safu moja ya zile ndimi za sauti," Mama Zafitody alikuwa akisema. "Uzito umepungua, lakini sasa inalia kama mbuzi mwenye mafua."

"Afadhali mbuzi," akasema Velonjara. "Mimi nilinunua ya plastiki kule Mahajanga. Nyepesi, nikasema leo nimepona! Mvua moja tu, ikavimba kama andazi. Nimeipiga msibani, marehemu nusura ainuke aniombe niache."

Wakacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Haya, Jaozara, na wewe mgongo umeshastaafu. Si upige filimbi tu? Filimbi haina kilo."

Nikalia. Mbele ya watu wazima wenzangu, na kofia yangu mkononi, nikalia kwa sauti.

Kicheko kikakoma. Mama Zafitody akanishika mkono. "Hajashuka tu?"

"Hajashuka, mama."

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema Velonjara. "Sikujua hali imefika huko."

Niliingia ndani ya karakana nijifute uso. Pale pembeni, sakafuni, palikuwa na kodiani imefunikwa leso. Ya kizamani, ya mbao nyeusi, kubwa kuliko yangu. Sijui kwa nini niliigusa. Nikaishika mkanda kwa mkono mbovu, nikavuta.

Ikaja juu bila shida yoyote.

Nikadhani imetobolewa ndani. Nikafungua mvukuto, nikabonyeza. Sauti nzito ikatoka, imekamilika, besi zote zimo. Nikaivaa. Bega halikuuma! Moyo wangu ukaruka kwa furaha, ya kwanza tangu Ijumaa.

"Ivue."

Bemanana alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti.

"Ivue, Jaozara. Hiyo siuzi."

"Niazime."

"Wala siazimi." Akasogea karibu, akanong'ona ili wale wa nje wasisikie. "Niliipima kwa mizani ya mpunga. Ni nzito kupita zote nilizowahi kuzitengeneza. Nikaitundika ukutani, ikang'oa msumari na plasta yake. Kwenye mizani nzito, kwenye msumari nzito. Mtu akiishika tu, ndiyo inakuwa nyepesi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Ninachojua, mwenyewe alikuwa Bezandry wa ng'ambo ya mto. Aliipiga msimu mzima akijisifu hajui tena maumivu. Wakamkuta amelala chali, nayo iko kifuani. Mbavu zimevunjika zote. Kwa kodiani, Jaozara! Tena aliyemkuta anasema alimsikia kwa mbali akimbembeleza mtu, na nyumbani mwake hapakuwa na mtu mwingine." Akaokota leso sakafuni. "Zamani vitu hivi vililetwa huku kwa mabega ya watu. Wengine walifia njiani mzigo ukiwa juu yao. Hakuna aliyerudi kuwazika."

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Na aliyempanda mwanao ni wa lini?"

Nilijua anasema kweli, na nilijua vilevile kwamba ningeibeba hata angeniambia ina nyoka ndani. Nikampita mlangoni. Hakunizuia. Mama Zafitody akachukua fimbo yake akanifuata, maana ngoma ya tromba haiendi bila wanawake wa kupiga makofi.

Giza lilikuwa linaingia. Tulipita kwenye tuta la mashamba ya mpunga, mimi mbele, bibi nyuma kwa mbali na magoti yake. Vyura walikuwa wakilia. Kisha wakanyamaza wote pamoja.

Nikasikia pumzi.

Hazikuwa za bibi. Zilikuwa karibu, chini ya kidevu changu, fupi fupi... za mtu anayepanda mlima na mzigo. Harufu ya jasho la siku nyingi ikanijia, na ya udongo mwekundu ulioloa. Nikasimama. Pumzi nazo zikatulia, zikawa kama za mtu anayesubiri kuambiwa twende.

"Mbona umesimama?" Mama Zafitody akaita.

"Hamna kitu," nikasema. Nikaenda.

Uani kwetu taa ilikuwa imewashwa, ubani unafuka. Soavelo alikuwa amekalishwa mkekani, uso umepakwa udongo mweupe, mifupa ya shingo imemtoka. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa nusu duara. Kalovola alinitazama, akatazama kodiani.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Soavelo akaniambia kwa ile sauti isiyo yake. "Malizia."

Nikaanza. Makofi yakapokea. Mungu anisamehe, lakini sijawahi kupiga vile maishani mwangu. Mvukuto ulifunguka wenyewe, mkono wangu ulikuwa kama unafuatishwa tu. Mgongo ulikuwa mwepesi, wa kijana. Mfalme akasimama kwa miguu ya mwanangu, akacheza, akazunguka, akacheka. Nikafika pale nilipokatikia Ijumaa. Nikapapita. Machozi yalinitoka kwa shukrani, nikajiambia Soavelo wangu anarudi.

Ghafla mfalme akaacha kucheza.

Hakunitazama usoni. Alitazama chini ya kodiani, pale kati ya mbao na tumbo langu.

Makofi yakalegea.

"Nani huyo," akauliza taratibu, "anayekubebea?"

Nikaendelea kupiga. Ningefanya nini?

"Ni mpagazi," akasema. Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka. Sijawahi kumsikia mfalme akitetemeka. "Mmeniletea mpagazi asiye na kaburi. Asinisogelee. Msimwache anisogelee!"

"Mzee, tulia, wimbo bado..." Mama Zafitody akajaribu.

Lakini mfalme hakungoja wimbo. Soavelo akapiga kelele moja, akaanguka chini kama nguo. Kisha akakohoa, akalia, na kilio kilikuwa chake mwenyewe.

"Mama," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kalovola akamwangukia. Mimi nilivua kodiani nikaiacha hapo hapo chini, nikamkimbilia mwanangu, nikampitisha mikono chini ya magoti na mgongo, nikamwinua nimpeleke ndani.

Akaja juu bila shida yoyote.

Nilisimama naye mikononi katikati ya uani. Kalovola alishika miguu yake anisaidie, akaangua kilio upya. "Amekwisha mwanangu! Hana hata kilo. Tazama, hana kilo!"

"Njaa tu," nikasema. "Kampashie maji ya ukoko wa wali."

Nikamlaza kitandani. Nikatoka nje kuchukua kodiani, nikijidanganya kwamba naogopa umande. Nikashika mkanda, nikavuta.

Haikusogea.

Nikavuta kwa mikono miwili. Maumivu yakanipasua kiunoni nikapiga magoti. Ilikuwa nzito, nzito kuliko jiwe la kusagia, nzito vile vile Bemanana alivyosema. Hapakuwa na pumzi. Hapakuwa na harufu. Ilikuwa mbao na ndimi tu, na aliyekuwa akiibeba hakuwepo tena pale.

Nilirudi ndani nikiwa nimeinama, nimeshikilia ukuta. Taa ya kibatari ilikuwa sakafuni upande wa pili wa kitanda. Soavelo alikuwa amelala chali, macho wazi, udongo mweupe umemkauka mashavuni.

Mwanga wa taa ulikuwa unapita chini yake.

Nilitazama mara ya pili nikidhani ni machozi. Kati ya mgongo wa mwanangu na mkeka wa kitandani palikuwa na nafasi, ndogo tu, unene wa viganja viwili. Harufu ya udongo mwekundu ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Baba," akaninong'oneza. "Mwambie aniweke chini."

"Nani, mwanangu?"

"Huyu. Ananisikitikia, lakini mikono inamtetemeka." Akameza mate. "Anasema amechoka, baba. Anasema anataka kuachia."

Nikamkumbuka Bezandry na mbavu zake, nikaelewa alikuwa akimbembeleza nani, na kwamba huyu akiachia, uzito wote hurudi kwa mpigo. Nikaanguka kando ya kitanda na mgongo wangu ulivyo, nikaingiza mikono chini ya mwanangu nimpokee.

Mikono mingine ilikuwemo. Ya baridi, migumu, imejaa sugu. Kweli ilikuwa inatetemeka.

Jikoni Kalovola alikuwa akiimba kwa furaha huku akikwangua ukoko. Mimi nikaifunika ile mikono kwa yangu, nikaishikilia kwa nguvu zote zilizonibakia, nikainamisha kichwa.

"Usimwachie," nikamwambia. "Ndugu yangu, nakuomba, usimwachie."