Sala Iliyotaja Jina la Sesilia

Jumapili asubuhi nyumba ya Sesilia, pale Mtoni, Temeke, ilikuwa na kelele zake za kawaida. Watoto waligombania maji ya kuoga. Fransis, mumewe, alikuwa chini ya kitanda akitafuta kiatu. Sesilia alimimina chai ya rangi isiyo na sukari.

"Mama, sukari hatuli kwa sababu ya Kwaresima?" mtoto mmoja aliuliza.

"Kwa sababu ya Kwaresima, na kwa sababu haipo," Sesilia alijibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule sukari ilikuwa ya shida Dar es Salaam nzima. Ikifika dukani, foleni ilizunguka hadi nyuma ya nyumba za watu. Na Sesilia ndiye aliyekuwa akiipima. Alikuwa muuzaji wa duka la ushirika la akina mama. Kazi hiyo aliipenda. Alikuja mjini kutoka Masasi hana anayemjua, na sasa mtaa mzima ulimwita Mama Duka.

Wakatoka, wakaenda kanisani. Siku hiyo padre hakuwapo. Katekista wao, Mwalimu Polikarpo, naye alikuwa amepanda baiskeli kwenda kufundisha Mbagala. Mzee mmoja wa kanisa akaongoza ibada.

Ikafika sala ya waamini. Zamani ibada ilisemwa kwa Kilatini, na watu walibaki na rozari zao tu. Sasa Kiswahili kilikuwa kimeingia kanisani. Mwamini yeyote aliweza kusimama na kutaja nia yake, na wenzake wakaitikia. Jambo jema kabisa. Lakini hakuna aliyekuwa amewafundisha namna ya kulifanya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Akasimama Anastasia. Mama wa makamo, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Tuwaombee wagonjwa wetu. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," watu wakaitikia.

"Tuombe mvua kwa ndugu zetu wa vijijini. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

"Tumwombee mwenzetu Sesilia wa duka la ushirika. Katika Kwaresima hii, Mungu amwondolee roho ya kuficha sukari na kuipitisha mlango wa nyuma. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," kanisa zima likaitikia.

Na Sesilia naye akaitikia. Jamani, mdomo ulishazoea. Neno lilikwisha kumtoka ndipo akili ikafika. Akahisi masikio yanawaka moto. Watu wa mbele wakageuka kumtazama. Wa nyuma wakanong'onezana. Asimame aseme nini? Mtu akikutukana sokoni unamjibu. Akikutukana ndani ya sala, ukimjibu ni wewe unayeonekana huna adabu.

Njiani alitembea mbele, hakumsubiri mumewe. Fransis akamkimbilia.

"Mama watoto, punguza mwendo."

"Umeitikia," Sesilia alisema.

"Nimeitikia nini?"

"Usinifanye mjinga. Umesema twakuomba utusikie. Nimekusikia kwa masikio yangu. Mume wangu wa ndoa ameomba niache wizi."

"Nimeitikia kwa mazoea. Na wewe mwenyewe umeitikia, nilikuwa karibu yako."

Bora angenyamaza. Siku ile Fransis alijipakulia ugali mwenyewe.

Ukweli wa ile sukari ulikuwa hivi. Kamati ya duka ilikubaliana kutenga fungu dogo kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Mama mwenye kichanga hawezi kusimama juani nusu siku, na uji wake unahitaji sukari. Lakini kamati haikutangaza jambo hilo. Waliogopa kila mtu atadai ana mzazi mwenye kichanga nyumbani. Basi Anastasia alipanga foleni, akafika mbele, akaambiwa imekwisha. Alipozunguka nyuma kukata njia, akamwona Tabu, mke wa jirani, anapokea kifurushi mlangoni. Tabu alikuwa amejifungua wiki ile. Anastasia hakuuliza. Alilibeba jambo hilo moja kwa moja hadi kanisani.

Jumatatu jioni Bi Mwajabu alibisha hodi kwa Sesilia. Alikuwa Mzaramo wa pale pale Mtoni, Mwislamu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya duka.

"Nimekuja na maneno mabaya, mwanangu. Wanachama wanataka ukae pembeni. Jumamosi kuna kikao. Wakiamua, duka anapewa mtu mwingine."

"Lakini wewe unajua, Bi Mwajabu. Lile fungu tulipanga wote."

"Mie najua, na nimewaambia. Wananijibu, kama si kweli, lingesemwaje mbele ya Mungu, na kanisa zima likakubali?" Bi Mwajabu akakaa mkekani. "Hebu nieleze, maana mie si mtu wa kanisani. Ile ilikuwa dua au mashitaka?"

Hasira zilimjaa Sesilia. Kazi yake ilikuwa inamponyoka, na jina lake pia. Kesho nani angemwachia hata mtoto wake amwangalizie, kama mtaa umeshaamini ni mwizi?

Siku mbili hakula vizuri. Alikuwa akitunga sala. Aliitunga akifua na akisonga ugali, hadi ikamkaa sawasawa mdomoni. Jumatano akaenda nayo kwa Mwalimu Polikarpo. Alimkuta uani anaziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sesilia. Nimesikia. Pole."

"Pole yako naipokea. Jumapili hii nataka nisome sala mie."

"Utaombea nini?"

Sesilia akasimama wima. "Tumwombee mwenzetu Anastasia, ambaye Kwaresima ameufunga mdomo kwa nyama na kuufungua kwa masengenyo. Ee Bwana."

Mwalimu Polikarpo akaweka tairi chini. "Sema tena."

Sesilia akasema tena, na safari hii kwa raha zaidi.

"Umelipanga vizuri," Mwalimu alisema. "Ni tusi zuri sana. Sala sijaisikia."

"Na yake ilikuwa sala?"

"Hata yake haikuwa sala. Kaa nikwambie."

Sesilia hakutaka kukaa. Akaegemea ukuta.

"Sala ya waamini ni sala ya watu wote," Mwalimu alisema. "Mmoja anataja, wote wanaomba. Kwa hiyo anayetaja ajiulize kwanza: je, hawa wote wanaweza kuliomba jambo hili kwa moyo mmoja? Na yule anayeombewa akisikia, atashukuru au ataumia? Tunaliombea Kanisa. Tunawaombea viongozi wa nchi na watu wa dunia yote. Tunawaombea wenye shida. Halafu tunajiombea sisi tuliopo hapa. Marehemu tunamtaja jina. Mgonjwa tunamtaja akipenda. Dhambi ya mtu hatuitaji kabisa, iwe ya kweli au ya kusingiziwa."

"Kama ni ya kweli je?"

"Basi mfuate, mwongee wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, mwende wawili au watatu. Ndivyo Bwana alivyofundisha. Hakuna mahali alipotuambia tuanzie altareni."

"Lakini si Kwaresima? Si wakati wa kutubu?"

"Kila mtu ya kwake. Siku ya Majivu ulipakwa wewe, kwenye kipaji chako. Hukupewa ukampake Anastasia. Njoo Ijumaa Kuu usikilize vizuri. Siku ile tunawaombea watu wa kila aina, hata wasiomwamini Mungu. Bwana ameshauawa, na bado hatumtaji mtu kwa ubaya wake."

Maneno yalikuwa mazuri, lakini Sesilia hakuwa amekuja kutafuta maneno mazuri.

"Kwa hiyo mie ninyamaze," alisema. "Nimechafuliwa, nafukuzwa kazi, halafu ninyamaze niitwe mtakatifu."

"Sikusema unyamaze. Alilolisema mbele ya watu atalifuta mbele ya watu. Ila halifutwi kwa sala nyingine ya kulipiza. Leo utamtaja wewe, Jumapili ijayo shemeji yake atakutaja wewe, na hadi Pasaka hatutakuwa na kanisa, tutakuwa na baraza la ugomvi. Na mie nina kosa langu hapo. Niliwapa ruhusa ya kuomba, sikuwafundisha. Haya, twende kwake."

Anastasia alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Alipowaona, kisu kikasimama.

"Karibuni," alisema, bila kuwatazama.

Sesilia hakuzunguka. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe?" Anastasia akainua macho. Naye alikuwa na hasira zake. "Nimesimama juani tangu asubuhi, nina wajukuu wanne ndani. Nafika mbele unaniambia imekwisha, na umeshanipa mgongo. Hata pole hukusema. Mtu wa namna hiyo anaulizwaje?"

"Ile ilikuwa ya Tabu. Amejifungua. Kamati imetenga fungu la wazazi."

"Nani aliniambia kuna fungu la wazazi?"

Hapo Sesilia akakwama, maana kweli hakuna aliyemwambia. Na mgongo ule alimpa. Alikumbuka. Siku ile miguu ilikuwa inamuuma, na nyuso zote za foleni zilikuwa zimemchosha.

"Sikukujibu vizuri," alisema. Yalimtoka kwa shida. "Hilo ni langu. Lakini wizi si wangu, na umenipa mbele ya watoto wangu."

Anastasia akamenya muhogo mmoja hadi mwisho. "Nilidhani nakuombea," alisema taratibu. "Hapana, nisiseme uongo mbele ya Mwalimu. Nilitaka uaibike."

"Nimeaibika."

"Jumamosi nitakuja kikaoni," Anastasia alisema.

Na alikuja. Wanachama walikuwa wamenuna, wamekaa kama watu waliokwisha kuamua. Balozi wa nyumba kumi naye alikuwapo. Bi Mwajabu akaeleza habari ya fungu la wazazi. Tabu akasimama na kichanga chake, akasema ni yeye aliyepokea kile kifurushi. Kisha akasimama Anastasia, na sauti yake ya kusikika hadi barabarani.

"Nililisema kanisani kabla sijauliza. Nimemsingizia mwenzangu. Nyie mlioitikia, mliitikia maneno yangu tu, hamkuwa mnajua lolote. Kesho nitalisema na kanisani, ibada ikiisha."

Sesilia akabaki na duka lake. Kamati ikaandika utaratibu wa fungu la wazazi kwenye ubao, na ubao ukatundikwa mlangoni kila mtu ausome. Sesilia naye akajifunza kusema pole sukari inapokwisha, ingawa siku nyingine aliisema huku amekunja uso.

Mwalimu Polikarpo akawakusanya wasomaji jioni, akawafundisha. Akawaambia waandike nia zao mapema na kumwonyesha. Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, kanisa lilijaa. Mwalimu alitaja kundi moja moja la watu. Kila mara walipiga magoti, wakakaa kimya, wakasimama. Waliwaombea wanaojiandaa kubatizwa, watawala, wasioamini, wagonjwa na wafungwa. Kabla ya kuitikia, Sesilia alisikiliza kila neno. Tangu siku ile hakuitikia tena kwa mazoea.

Jumapili ya Pasaka padre alikuja. Na msomaji wa sala ya waamini alikuwa Sesilia.

Jina lake lilipotajwa, kanisa likatulia ghafla. Watu wakatazamana. Fransis akainamisha kichwa. Anastasia, kwenye benchi la tatu, alikaza ncha ya khanga yake. Kufuta maneno alikwisha kuyafuta, lakini nani alijua mwenzake ana nini moyoni? Sesilia akafika mbele. Akamtazama Anastasia muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kisha akasoma.

"Tuliombee Kanisa, lifurahi katika Kristo mfufuka. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

"Tuwaombee viongozi wetu, watuongoze kwa haki. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

"Tuwaombee wenye njaa na wenye vichanga. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

"Tujiombee sisi wa hapa, tunaogawa na tunaopanga foleni. Utupe macho ya kuonana na midomo ya kuulizana. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie." Safari hii watu waliitikia kwa nguvu, mpaka padre akainua kichwa.

Baada ya Misa, watoto wakitimua vumbi uani na nguo zao za sikukuu, Anastasia alimfuata Sesilia ukutani.

"Pasaka njema, mwenzangu."

"Na kwako."

"Uliponitazama pale mbele, nilijua utanitaja."

"Nilitaka," Sesilia alisema. "Hasira bado ninayo, nisikudanganye. Jina lako lilikuwa limeshafika mdomoni."

"Nini kilikuzuia?"

Sesilia akawatazama watu waliokuwa wakisalimiana mlangoni mwa kanisa, wake kwa waume, wazee kwa watoto.

"Wangeitikia," alisema.