Sweta ya Bi Gwenda

Soksi za mtoto zilikuwa zimekauka.

Keeley alizisugua shavuni ahakikishe. Alizianika asubuhi ile zikichuruzika maji, juu ya kipasha joto cha ukutani kilichokuwa baridi kama chuma cha geti, maana boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, alikuwa ameipunguza mpaka mwisho kwa mkono wake. Sasa zilikuwa kavu, tena zimepangwa mbili mbili, visigino vikitazama ukuta. Hivyo ndivyo alivyokuwa akizipanga mama mkwe wake, Bi Gwenda, waliyemzika wiki iliyopita.

Hakushtuka. Tangu mazishi hakuna kilichomshtua. Moyo wake ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi. Alizikunja soksi, akazitia kikapuni.

Jikoni boila ikanguruma. Mabomba yakagonga, ko, ko, ko, kutoka chini kwenda juu, kama mtu mzima anayepanda ngazi kwa kujishikilia. Harufu ya peremende za mnanaa ikajaa ukumbini.

"Joel," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Umewasha wewe?"

"Sijagusa." Joel alikuwa dirishani, hajageuka. Ng'ambo ya ukuta wa bustani yao yalikuwa makaburi ya kanisa walikomzika mama yake, meupe kwa theluji.

Boila ilikuwa ikijiwasha yenyewe hivyo tangu mazishi, na binti yao mchanga, Nell, alikuwa amewiva uso, vipele vimemjaa shingoni, analia kwa sauti iliyokauka. Muuguzi aliyekuja kumpima alikuwa amemwambia Keeley bila kuficha: mtoto akilala kwenye joto namna hii, anaweza asiamke. Na kuizima boila kabisa wasingethubutu, kwa baridi ile ya mji wa Halifax mabomba yangeganda na kupasuka.

Fundi Clive alikuja mchana. Alivua buti mlangoni bila kuombwa, na kabla ya kufungua mkoba akauliza, "Mtoto anaendeleaje?" Keeley aliona wema huo, akatamani kulia, machozi hayakuja. Akampa chai.

"Sukari mbili, dada, na kwenye biskuti usinionee haya." Clive alifunua boila, akaichungulia, akaifunika. "Nzima kabisa hii. Inafanya inachoambiwa. Kuna kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, mnakiweka popote ndani ya nyumba. Kikihisi baridi, kinaiambia boila iwake. Chenu kiko wapi?"

"Mama alikuwa anatembea nacho," Joel alisema. "Mfukoni mwa sweta. Alikuwa anasikia baridi hata Agosti. Tulimwita Waziri wa Joto."

Clive alicheka. "Kila nyumba ina wake. Kwangu ni mke wangu. Haya, sweta iko wapi?"

Joel alimtazama Keeley.

Keeley ndiye aliyemvalisha marehemu. Ilikuwa sweta yake ya buluu, akafunga vifungo mpaka shingoni ili asipigwe baridi. Mfuko wa kulia ulikuwa mzito. Aliupapasa kidogo, akauacha vile vile.

"Nilidhani ni kopo la peremende zake," alinong'ona. "Nikasema aende nazo."

Clive aliacha kutafuna. Alibonyeza kitufe kwenye uso wa boila, akasoma. "Kinasema huko kiliko ni nyuzi mbili." Akatazama dirishani, kisha akatazama miguu yake yenye soksi. "Lakini mawimbi yake hayapiti udongo, jamani. Hayapiti. Acha nikikate mawasiliano yake na boila."

"Anasikia baridi," Joel alisema.

"Joel, mpenzi..." Keeley alianza.

"Ukikikata ataganda, Clive."

Keeley alimkumbatia Nell. Mwili wa mtoto ulichoma kama chupa ya maji ya moto. "Kikate," alisema. "Tafadhali. Mwanangu anaungua."

Clive alikikata, akaiunganisha boila na kidude kipya, akakiweka juu ya rafu. Alipoondoka alimshika Joel bega. Nyumba ilipoa. Nell alilala, uso ukarudi rangi yake, na Keeley akakaa akihesabu pumzi zake, kisha akampeleka kitandani juu, akashuka, na yeye akasinzia kitini.

Aliamshwa na harufu ya mnanaa, na nyuma yake harufu ya udongo mbichi, na ingawa kidude kipya kilikuwa kimya kwenye rafu, kikisema nyumba ina joto la kutosha, alipanda ngazi taratibu huku mabomba yakigonga hatua kwa hatua pamoja naye, ko, ko, ko, akasukuma mlango wa chumba cha Nell, na hapo, juu ya kipasha joto kinachofuka, mikono imekunjwa vizuri kama Bi Gwenda alivyozoea kuikunja, ilikuwa imeanikwa sweta ya buluu, imelowa, inadondosha matone meusi kwenye zulia.

Mfuko wa kulia ulining'inia kwa uzito. Ndani yake kitu kikalia: tik.

Chini, boila ikanguruma.

Keeley alimtoa Nell kitandani, akampeleka kwa baba yake. "Mtoto atalala na sisi," alisema. "Kile chumba tumwachie mama."

Joel alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

Kisha Keeley akapanda tena peke yake. Aliishika sweta kwenye mabega, nzito, baridi mpaka kwenye mifupa ya vidole, akaigeuza, ili upande wa pili nao ukauke.